Siku ya Kuezua Nyumba

Nyumba ya Mama Pindo ilikuwa na sheria moja tu: hakuna kusogeza kitu bila kusema. Kiti kikihama shubiri moja, kilitangazwa kwa sauti. Ndoo ikiwekwa koridoni, aliyeiweka alisimama karibu nayo mpaka aiondoe. Wageni wa mara ya kwanza walidhani mama huyu ana wivu na samani zake, hadi walipomwona mumewe akitoka chumbani, shati limechomekewa vizuri, akapita kati ya meza na kabati bila kugusa hiki wala kile, akakaa kwenye kiti chake na kuuliza, "Haya, nani mwenzetu leo?" Wapo waliokaa naye kutwa nzima wakaaga bila kujua kwamba mzee yule haoni.

Alikuwa fundi rangi. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha juu ya ngazi, kofia ya gazeti kichwani, akipaka nyumba za watu, na mdomo alikuwa nao. Mteja akisema anataka nyeupe, alimuuliza nyeupe ipi, na mteja akabaki anamtazama. Kisha macho yakaanza kumponyoka. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba wamechelewa kuja. Giza liliingilia pembeni, likasogea katikati mwaka hadi mwaka, na asubuhi moja akamwambia mkewe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba sasa hata dirisha limekwenda. Mama Pindo alikuwa anapinda suruali ya mtu. Aliendelea kuipinda kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Jina lile la Mama Pindo alipewa na wateja, maana mtaa mzima hakuna aliyemfikia kwa kupinda suruali, mapazia na sketi za shule. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, chuma kitupu, na ilikaa chini ya dirisha la sebule tangu walipohamia. Ilikuwa na mlio wake, na kila gurudumu likizunguka ilitoa kikohozi kidogo ambacho mafundi walijaribu kukitibu wakanyoosha mikono. Mama Pindo mwenyewe alikwisha acha kukisikia. Alichokisikia siku hizi ni magoti yake. Binti yao mkubwa alikuwa amemwahidi cherehani ya umeme, ndogo, isiyo na kelele, ya kugusa tu kwa ncha ya kidole cha mguu, na mama huyu aliisubiri kwa hamu ambayo kwa umri wake aliona haya kuionyesha.

Jambo moja la mumewe lilimkera. Jioni, mgongo umekufa ganzi, akisema sasa nafunga kazi, mzee alikuwa na wimbo wake.

"Malizia malizia kidogo, mama."

"Nimeshamaliza."

"Kidogo tu. Mimi nakwenda kuoga."

Basi atafanyaje? Alitafuta kitambaa chochote akaendelea kukanyaga, akinung'unika kwamba hata punda wa watu jioni hufunguliwa mzigo. Aliamini mzee ni wale wanaume ambao wakishastaafu wao, hawapendi kuona mwingine amekaa. Alimsamehe, lakini alimsamehe kila jioni upya, na hiyo kwa kweli inachosha.

Paa ndilo lililoleta maneno. Mabati yalikuwa yameoza, na msimu wa mvua uliopita yalianza kuvujia koridoni, mahali ambapo hapakuwahi kuvuja, kwa hiyo hapakuwa na beseni. Mzee alitoka kwenda chooni alfajiri, akakanyaga maji, akaanguka na kuvunjika mkono. Mama Pindo alimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta alioupaka mwenyewe, akisema hakuna neno, hakuna neno, na uso wake ulikuwa wa majivu.

Binti mkubwa alikuja siku hiyo hiyo. Baba yake alimwita Bosi tangu alipokuwa kitoto cha kuwapanga wenzake mstari wa kunawa mikono, na ubosi haukumtoka. Alikuwa na roho nzuri, lakini roho yake ilitembea kwa haraka kuliko za wenzake.

"Paa linaezuliwa, tunaezeka jipya," alisema. "Hilo niachieni mimi. Na Baba anakuja kukaa kwangu."

"Mpaka paa liishe?" aliuliza Mama Pindo.

Bosi alitazama ule mkono uliofungwa plasta. "Tutaona, Mama."

Mama Pindo alilijua hilo tutaona. Alilitumia yeye mwenyewe kwa wateja ambao nguo zao alikuwa ameshaziharibu. Bosi aliishi ghorofa ya tatu na watoto wake, na chumba cha ziada kilikuwa cha kitanda kimoja chembamba. Mzee angekaa huko juu, amekalishwa, anaongozwa mkono kwenda chooni, na mkewe angebaki huku na wateja wake, akimtembelea mumewe kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu ujana wao. Wazo la kukilalia peke yake lilimtia hofu ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya kujifungua.

"Mimi si kabati," alisema mzee kutoka kwenye kiti chake. "Msinijadili mnipeleke wapi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwisho wakafikia makubaliano. Mzee atabaki mtaani, siku ya kuezua atakaa barazani kwa jirani. Nyumba ikishaezekwa na vitu vikirudishwa, Bosi atakaa na kumtazama baba yake. Akitembea mwenyewe kutoka kiti hadi kitanda, na kutoka kitanda hadi chooni, kama alivyozoea, atakaa kwake na neno halitarudiwa. Akipapasa ndani ya nyumba yake kama mgeni, ataondoka na Bosi jioni ile ile.

"Simtesi, Mama," alisema Bosi akiwa mlangoni. "Nikisikia simu inalia asubuhi, moyo wangu unasimama. Wewe hujui."

Mama Pindo alijua sana.

Ikabaki kazi ya kuitoa nyumba ndani ya nyumba. Fundi wa paa alikuja kukagua, mtu mwembamba ambaye vijana wake walimwita Msumari, na neno lake lilikuwa fupi: kila kitu nje. "Vumbi la paa kuukuu halina adabu, mama. Litaingia mpaka kwenye sukari." Mama Pindo akashusha picha ukutani, akafunga nguo kwenye mashuka, vyombo akavifunga na magazeti na kuvipanga kwenye makarai. Ndani ya kabati alikuta vitu ambavyo alikwisha walaumu watu kwamba wameviiba. Kilichobishiwa ni cherehani tu. Msumari aliijaribu kwa mkono mmoja, akaiachia.

"Hii tuifunike turubai hapa hapa. Mgongo wangu bado naupenda."

Lakini cherehani haikumpa mama huyu shida. Shida ilikuwa vingine vyote: meza, kabati, viti, kitanda, meza ndogo ya koridoni yenye jagi la maji. Mumewe alivijua kwa nyayo. Kimoja kikirudi upana wa kiganja kando, ramani yote ya kichwani mwake imeharibika. Akafikiri sana, na jibu likaja kwa njia ya kazi yake. Alichukua chaki ya kuchorea vitambaa na futi yake ya kupimia, akapiga magoti yale mabovu, akaanza kuchora sakafu. Kila mguu wa kila kitu aliuzungushia mstari. Alipima kutoka ukutani, akapima tena, akaweka alama ndogo za kuonyesha upande wa mbele, kama anavyoweka kwenye kola na mkono wa shati. Ilimchukua siku nzima, na alipomaliza, sakafu yote ya saruji ilikuwa imechorwa mfano wa nguo inayosubiri mkasi. Aliitazama akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu lile anguko, aliamini mzee hataondoka.

Siku yenyewe ikafika, mkono wa mzee umekwisha funguliwa plasta. Majirani walikuja mapema, vitu vikatoka kwa kelele na utani, kitanda kikafunguliwa mbao kwa mbao. Mzee aliongozwa hadi barazani kwa jirani, amevaa viatu vyake vya zamani vya kazini vyenye matone ya rangi za nyumba za watu. Akaja pia wifi yake Mama Pindo, dada mdogo wa mzee, mwanamke ambaye akifika peponi ataomba kwanza aonyeshwe ufagio uko wapi. Mama Pindo alikuwa nje, anapanga makarai chini ya turubai na kumwelekeza jirani asiweke moto karibu na magodoro. Aliporudi ndani, aliishia kizingitini.

Sakafu ilikuwa inang'aa. Wifi yake alikuwa ameinama kwenye kona ya mwisho, kanga imefungwa kiunoni, anakamua tambara.

"Wifi, hivi hawa waliotoa vitu walitembea na chaki miguuni?" alisema bila kuinua kichwa. "Nimesugua mpaka mabega yanaita. Mafundi wangeingia wakaona uchafu ule, wangesema watu gani hawa."

Kupiga deki nyumba inayokwenda kumwagiwa vumbi la miaka yote hiyo! Mwingine angecheka. Mama Pindo alitafuta mahali pa kukaa, na kwa kuwa hapakuwa na kiti hata kimoja, alikaa sakafuni penye majimaji. Hakumgombeza. Alimweleza tu ile chaki ilikuwa ya nini, kwa sauti ndogo, na wifi yake akabaki ameshika tambara kifuani, machozi yanamlengalenga.

"Si ungeniambia, Wifi."

"Ningekwambia."

Msumari na watu wake walikuwa wamekwisha panda. Misumari ilianza kung'olewa kwa mlio mkali, bati la kwanza likashuka, mwanga ukaangukia sebuleni mahali ambapo haujawahi kufika. Kufikia mchana mabati yote yalikuwa yamelala uani, yametoboka na kuwa mekundu kwa kutu, na nyumba ilikuwa imebaki kuta na mbao. Vijana wakafagia misumari, wakaenda kutafuta chakula. Mama Pindo alisimama mlangoni akijaribu kukumbuka kabati lilikuwa wapi hasa, akagundua kwamba hajui. Alikuwa amelipita maisha yake yote na hajui.

Mzee akaja akishikwa na jirani.

"Nimesikia wametulia," alisema. "Nataka kuingia. Nyumba yangu sijawahi kuiona uchi."

"Subiri wafunike, mzee wangu. Hakuna kitu ndani."

"Basi sitajikwaa."

Akaachia mkono wa jirani, akavuka kizingiti. Hatua za kwanza zilikuwa zake, za kawaida. Jua lilimpiga utosini akatabasamu. Kisha akapeleka mkono kidogo tu upande wa kulia, kwa namna ya mtu anayemsalimu mwenzake njiani, kwenye kabati. Hakulikuta. Akasonga, akashusha mkono kutafuta mgongo wa kiti chake. Hakukuta. Akageuka, na pale alipogeuka ndipo alipopotea. Alikohoa ili asikie ukuta uko wapi, lakini nyumba isiyo na paa hairudishi sauti. Kikohozi kilipanda juu kikaenda zake.

Akainua mikono yote miwili mbele, vidole vimetawanyika. Mama Pindo hakuwahi kumwona hivyo. Tangu macho yaanze kwenda mpaka yalipokwisha, mumewe hakuwahi kunyoosha mikono mbele namna ile.

Nyuma yake akasikia mtu anavuta pumzi. Bosi alikuwa amefika mapema kuliko walivyokubaliana, amesimama kizingitini na mkoba wake begani.

"Mama," alisema taratibu, "umeona?"

Ameona, nani asiyeona? Alitaka kukimbia amshike, na alijua akimshika tu kesi imekwisha. Akabaki amesimama, mkono umeziba mdomo, na moyoni alianza kumfungia mumewe nguo: mashati mangapi, sweta lipi, viatu vipi.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya sebule, uso umeelekea ukuta mtupu.

"Mama Pindo," aliita. "Mbona umenyamaza?"

"Niko hapa, mzee wangu. Mlangoni."

"Nakusikia. Sizungumzii mdomo." Alishusha mikono, akaonekana anaona aibu kidogo. "Shona kidogo. Nijue niko wapi."

Mama Pindo hakuelewa. Kisha akaelewa yote mara moja, hata ile malizia malizia ya kila jioni. Alipita nyuma ya mumewe, akalivua turubai, vumbi likamwagika. Hapakuwa na kiti, akavuta ndoo ya wifi yake, akaifudikiza na kuikalia. Hapakuwa na uzi wala kitambaa. Akaweka miguu kwenye pedeli, akasukuma gurudumu kwa kiganja, akaanza kukanyaga.

Ule mlio ukaanza, na ndani yake kile kikohozi.

Mzee aligeuza kichwa, bega likafuata, mwili wote ukafuata. Akaja moja kwa moja, hatua zake zile zile za kila siku, akasimama na kuweka kiganja juu ya cherehani.

"Hapa dirisha," alisema. "Nyuma yangu mlango. Kule koridoni."

Akaenda koridoni. Mama Pindo aliendelea kukanyaga, hathubutu hata kubadilisha mwendo. Walimsikia akifika chumbani, kimya kidogo, halafu viatu vile vikaenda hadi chooni, vikageuka, vikarudi. Alipotokea tena sebuleni alikuwa anapangusa vumbi mikononi.

"Huyo aliyesimama mlangoni anayenukia manukato ni Bosi," alisema. "Umekuja mapema kunivizia, siyo?"

Bosi aliweka mkoba chini. Alipita akamwinamia mama yake, akauliza kwa sauti ya chini ili baba asisikie, ingawa baba alisikia kila kitu katika nyumba ile.

"Na siku usipokuwa kwenye cherehani, Mama?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyetaka kulitamka. Mama Pindo alimtazama mwanawe, miguu inaendelea. "Siku hiyo utakuja kumchukua," alisema. "Leo bado nipo."

Bosi alikaa chini penye vumbi, na sketi yake ya ofisini, akalia. Mama yake alimwacha alie. Alipotulia alipangusa uso, akasema kwamba makubaliano ni makubaliano, Baba ametembea, na yeye neno hilo halirudii.

Mafundi wakarudi, mabati mapya yakaanza kupandishwa. Mzee alitaka kujua rangi.

"Nyekundu, mzee," alisema Msumari.

"Nyekundu ipi?"

Msumari alilitazama bati aliloshika, nadhani kwa mara ya kwanza tangu alinunue. "Ya... tofali. Tofali likilowa maji."

"Hiyo sawa. Endelea."

Vitu vilirudishwa kwa kubahatisha. Kabati lilikaa mbele kidogo, au nyuma kidogo, kila mtu na wazo lake, na yule wifi alizunguka akiomba msamaha hadi kaka yake akamwambia akae chini, nyumba haijawahi kuwa safi namna hii. Mzee aligonga kona ya meza kwa paja, akasema samahani, akairudia njia mara nyingine, akaikosa kona.

Kabla ya kuondoka, Bosi alisimama mlangoni akacheza na kamba ya mkoba wake.

"Mama, ile cherehani ya umeme inafika wiki ijayo."

Mama Pindo alikuwa anasugua mafuta kwenye goti. Angeweza kusema mengi juu ya goti hilo, na jinsi alivyokuwa amekwisha chagua mahali pa kuiweka ile mashine ndogo, karibu na kitanda, karibu na taa.

"Mpe shangazi yako," alisema. "Mimi hii nimeizoea."

Gari la Bosi likaondoka. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, na matone ya kwanza yakaanza kupiga bati jipya, mlio mgeni kabisa, mkavu, usiofanana na ule waliouzoea. Mzee alikaa kwenye kiti chake akiusikiliza. Kisha akainuka, taulo begani.

Alisimama tu. Hakusema malizia malizia. Tangu mchana siri yake ilikuwa imetoka, na labda aliona si haki tena kuomba.

Mama Pindo alikuwa hana kazi ya mtu hata moja, zote alikwisha zirudisha kwa wenyewe kabla ya mafundi kuja. Akakaa kwenye cherehani tupu, akapandisha mguu mmoja kwenye pedeli, halafu ule mbovu, akasukuma gurudumu.

Mzee akaenda kuoga. Alipofika koridoni, pale alipoanguka, palikuwa pakavu, naye akapita bila kupunguza mwendo.

"Unashona nini?" aliuliza kutoka huko.

"Pindo."

"La nani?"

"La mtu," alisema Mama Pindo akikanyaga. "Refu. Halijaisha."